Mikate ya Malaika

Ilipobaki siku moja kufika sikukuu ya Malaika Mikaeli, Labib alikunja mikono ya kanzu, akamimina unga kwenye beseni na kutangaza kwamba mwaka huu mikate ataikanda yeye. Waliomsikia walikuwa wawili: mkewe Insaf, aliyelala kwenye benchi karibu na tanuri, upande wake wa kulia umepooza tangu Kwaresima, na jirani yao Mama Girgis, mjane mwenye ulimi usiojua likizo.

"Wewe?" Mama Girgis akacheka. "Wewe ambaye hata chai huletewa ulipo? Nipishe, Baba Mikhail, nikande mimi."

"Kaa kitako, mama. Nadhiri ni ya nyumba hii."

Nadhiri yenyewe aliiweka Insaf. Mwaka wa pili wa ndoa yao, homa ya matumbo ilimlaza Labib miezi miwili, hata kasisi akaja kumpaka mafuta. Insaf, binti wa miaka kumi na tisa, akamwahidi Malaika: mume wangu akiinuka, kila mwaka nitaoka mikate niwagawie maskini kwa jina lako. Mume akainuka. Akala, akanenepa, akazeeka, na kila Juni kwa miaka arobaini na sita akamtazama mkewe akikanda, asiseme ahsante hata siku moja. Alidhani mambo hayo yanajulikana tu.

Sasa Insaf alikuwa amekata tamaa. Juzi alimwambia kasisi kwamba nadhiri imekwisha kama mikono yake ilivyokwisha, na tangu hapo kila sahani aliyoletewa aliisukuma. Hilo lilimtia Labib hofu, na hofu ikamfanya mkaidi.

Akatia samli nusu kopo, akakanda mpaka jasho likamtiririka. Mama Girgis akanusa, akanyoosha shingo.

"Samli! Wewe mzee, tumo kwenye mfungo wa Mitume, hatugusi kitokacho kwa mnyama! Unataka kanisa zima livunje mfungo kwa mkate wa Malaika?"

Alicheka huku ameshika mbavu. Labib aliutazama unga ule, kilo tano nzima.

"Mpelekee Haji Mahrus," alisema. "Yeye hafungi mfungo wetu. Mimi naanza upya, kwa mafuta."

"Acha, Baba Mikhail," Insaf alisema kwa ulimi mzito. "Malaika ataelewa."

"Malaika ataelewa, mimi ndiye sielewi!" Labib alimgeukia, mikono imejaa unga. "Kila siku niliyoishi tangu ile homa umenikandia wewe, nami nimekaa pale nikitazama. Ahsante, Insaf. Nimechelewa, najua. Lakini nadhiri hii haifi ilhali mimi nina mikono mizima."

Tangu mwana wao Mikhail azaliwe hakuwahi kumwita mkewe kwa jina mbele ya mtu. Mama Girgis akainamisha macho, akajitwika beseni la unga wa samli, akatoka.

Labib akakanda tena, akagonga kila mkate muhuri wa msalaba, akatia tanurini. Ilitoka imeungua upande mmoja, migumu. Akamega kipande, akakilowanisha kwa maji, akamlisha mkewe. Insaf alikitafuna polepole kwa upande ulio mzima.

"Huu si mkate, ni tofali," alisema. "Hukuuacha unga uumuke. Mwakani nitakusimamia mwenyewe."

Kisha akafungua mdomo, akangoja kipande cha pili.