Mawifi Wawili na Tumbo la Lamin

Umewahi kuona mawifi wawili wakigombea ni nani atoe choo chake? Mimi nimeona, hapa hapa Kairuani, na wote wawili ni wanawake wa heshima zao.

Mgonjwa alikuwa Lamin, mtoto wa marehemu dada yangu. Yalianza kwa jino. Akapewa antibiotiki, jino likatulia, lakini zile dawa zikaua na vijidudu vyema vinavyolinda utumbo, vikabaki vibaya vinatamba vyenyewe. Akaharisha. Akatibiwa, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Akatibiwa tena, ukarudi na nguvu zaidi. Mwanamume wa kubeba magunia ya pilipili kavu sokoni akawa anashika ukuta kwenda msalani, na suruali ameifunga kwa kamba.

Daktari wake, Wided, mwanamke wa sauti ya chini, akatuita akatueleza. Kitachukuliwa choo cha mtu mwenye afya, kichanganywe na maji ya chumvi, kichujwe, kisha kipitishwe kwa mpira mwembamba hadi ndani ya utumbo wa Lamin. Vile vijidudu vyema vitashika makazi, na vile vibaya vitakosa nafasi. Akauliza nani yuko tayari kupimwa.

Mongia, dada yake Lamin, alisimama kabla ya swali kwisha. Salwa, mke wa Lamin, naye akasimama.

Ujue kwamba Mongia ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Lamin alikuwa hajaota meno ya mbele, na Mongia ni binti wa kuposwa. Wachumba walikuja wakaondoka, yeye yuko jikoni anamponda mtoto karoti. Lamin alipooa, akahamia mtaa wa wakwe, na kuskusi ya Ijumaa ikawa inaliwa kwa Salwa. Mongia alikuwa akienda, anakula kidogo, akirudi ananiambia ile kuskusi ina maji, nafaka zimeshikana kama udongo. Mimi niliionja. Haikuwa na neno.

Basi wakapimwa damu na choo, wote wakaonekana wazima. Daktari akasema aanze dada, kwa kuwa mke analala nyumba moja na mgonjwa, huenda baadaye akaonekana amebeba vijidudu vile vile vibaya bila kuugua. Mongia alitoka pale ametanua mabega. Njiani akamwambia Salwa asijisikie vibaya, kwani damu ni damu.

"Si damu wanayotaka, wifi," Salwa akamjibu, akajirekebisha mtandio.

Sasa sikia alichofanya Mongia. Kwetu mgeni akija unapaka chokaa ukuta, unakung'uta mazulia, na mwanamke akitaka kuingia kwenye jambo kubwa husafisha tumbo kwanza. Mongia akaona haiwezekani apeleke hospitali kitu vile kilivyo, kikapite machoni pa madaktari, kisha kiingie ndani ya ndugu yake. Alasiri ile akachemsha sanamaki, yale majani ya kuendesha tumbo, na mbegu za shamari, akanywa sufuria nzima, na usiku hakula. Hakumwambia mtu. Asubuhi akaja na kile chombo alichopewa hospitali amekifunga kwenye kitambaa cha darizi, kile cha kupelekea vitamu vya harusi.

Daktari alifungua. Ndani mlikuwa na maji. Akamweleza taratibu, bila kumuaibisha, kwamba vile vijidudu alivyovisukuma nje ndivyo hasa Lamin alivyokuwa anavihitaji, na tumbo lake litahitaji muda kurudi sawa. Lamin muda hakuwa nao. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Akaitwa Salwa. Akaingia msalani, akatoka, akakabidhi chombo kwa muuguzi.

"Mimi nimeleta kama kilivyo," akasema. "Sikukipamba."

Muuguzi akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Mongia akakunja kitambaa chake pembe kwa pembe, polepole, mpaka kikawa kidogo kama kiganja.

Lamin akapona. Alianza kwa mchuzi mwembamba, akaja mkate, na siku moja akaomba kichwa cha kondoo. Majirani walimletea Salwa mayai na sukari kama mzazi. Mwenye duka la nyuzi akamtania Lamin kwamba sasa atapenda umbea, kwa vile tumbo ni la mkewe. Kila utani ulimfikia Mongia, na kila utani ulimchoma. Kichwa cha kondoo ni chakula cha Salwa, akaniambia, Lamin hakuwahi kukipenda.

"Nilimlisha kwa kijiko, mama mdogo," akasema. "Leo hamna kitu ndani yake kilichotoka kwangu."

Akaacha kwenda Ijumaa. Mara goti linamuuma, mara bomba la jikoni linavuja. Lamin alivumilia, halafu akaja mwenyewe kwa miguu, akanikuta na Mongia tunamenya njegere. Akakaa kwenye mkeka. Akasema Salwa anamwekea dada sahani kila Ijumaa na inapoa. Akauliza amemkosea nini, na kama ni ile siku ya hospitali, yeye hamdai dada yake chochote.

Mongia akaendelea kumenya. Akasema hana kinyongo, anashukuru Mungu, wifi yake kafanya wema.

"Dada," Lamin akasema, "mimi nakujua. Ulitaka nini?"

Njegere zikamponyoka, zikatawanyika mkekani. Hakuziokota.

"Nilitaka upone kwa ajili yangu mimi," akasema. "Nilitaka kila Salwa akikuona unakula, ajue ni mimi."