Hodi Mlangoni pa Hema

Kinyozi alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Wenzake husubiri jambo litokee ndipo watetemeke. Yeye alianza kutetemeka jambo likiwa bado wazo tu. Kwa hiyo siku mama mkwe wake alipoingia dukani kwake, akasimama kando ya kioo na kusema kwamba Ijumaa anakwenda kupiga kambi msituni, mkono wa kinyozi uliteleza ukamkwaruza mteja sikio. Kidogo tu, lakini mteja alipiga ukelele kama aliyechinjwa.

"Na nani, Mama?" kinyozi aliuliza huku akimfuta yule mtu.

"Na hema langu."

Mama mkwe huyo alikuwa na miaka sabini na miwili. Tangu usichana wake alishona maturubai ya malori, mpaka mtaa mzima ukamwita Mama Turubai. Karakana alikofanyia kazi ilipofungwa, alikaa kitini kando ya dirisha la sebule ya binti yake, akawa ananyauka kama ua lililosahauliwa kumwagiwa maji. Binti akaanza kusema naye polepole, kwa sauti ile ya kusemeshea wagonjwa. Kisha siku moja mama alivuta turubai kuukuu kutoka chini ya kitanda, akachukua sindano yake nene na uzi wa nta, akashona hema. Lilikuwa hema la vifungo, maana zipu hakuziamini hata kidogo. Tangu hapo hakukamatika. Alichonga vijiko vya mti, alitengeneza jiko kwa kopo la rangi, alifunga mafundo ya kamba ambayo hayakufunguka mpaka ayaambie mwenyewe. Alikuwa akienda kambini na wastaafu wenzake wawili. Mmoja alifariki, mwingine akachukuliwa na wanawe mji wa mbali. Akabaki peke yake, na peke yake hakutaka kubaki dirishani.

"Hendi," alisema mke wa kinyozi jioni ile. Alikuwa mwalimu, na neno lake lilitoka kama kengele ya kuingia darasani. "Mama ana presha. Akianguka huko msituni nani atajua? Nyani?"

"Nyani wana akili kuliko unavyodhani," mama yake alijibu kutoka chumbani.

Walivutana siku nzima ya pili. Mwisho binti akalegea kwa sharti moja: mama aende, ila aende na mkwewe. Kinyozi hakuulizwa. Alisikia habari zake mwenyewe akiwa anaosha vyombo.

Usiku ule, jikoni, mke wake alimshika kifundo cha mkono. "Baba watoto, nisikilize. Akiyumba hata mara moja, uniambie. Na hiyo itakuwa safari yake ya mwisho."

Asubuhi ya Ijumaa, kwenye gari, Mama Turubai naye aliweka mfuko wake miguuni, akatazama mbele. "Mwanangu," alisema, "ya kambini huishia kambini. Tumeelewana?"

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tofauti ni kwamba nyasi hii ilikuwa inaendesha gari.

Ni vizuri kujua jinsi wawili hawa walivyoishi. Kwa miaka kumi ya ndoa, kinyozi hakuwahi kukaa kochi moja na mama mkwe wake. Mama akiingia, yeye husimama. Mama naye hakupita sebuleni bila kukohoa kwanza, na hakuonekana mbele yake bila kitambaa kichwani. Heshima yao ilikuwa safi kama sahani za wageni, na kama sahani hizo, haikutumika kwa kazi yoyote. Hawakuwahi kugombana, na hawakuwahi kuongea zaidi ya hali ya hewa na afya ya watoto.

Walifika mchana. Gari liliachwa juu, kando ya barabara, wakashuka na mizigo hadi kwenye uwanda mdogo wenye nyasi fupi. Simu haikushika mtandao pale chini. Kinyozi aliinyanyua juu, akaigeuza huku na huku, akairudisha mfukoni akiwa na kijasho chembamba mgongoni.

Mama alisimamisha hema lake mwenyewe. Kila kinyozi alipojongea kusaidia, aliambiwa, "Shika yako." La kwake, la kuazima, lilisimama limepinda kama mlevi aliyeegemea ukuta. Alitaka kulipiga karibu na la mama ili asikie hata akigeuka. Lakini atamwambiaje mama mkwe wake kwamba anataka kumsikiliza akilala? Alilipiga mbali, umbali wa kurusha jiwe. Mama aliona, akaguna kuridhika.

Walipokuwa wakinywa chai, kikombe kilimponyoka mama mkononi. Chai ikamwagika kwenye majivu, ikachemka kwa hasira.

"Mama, uko salama?"

"Kikombe kina mafuta."

Hakikuwa na mafuta. Kinyozi ndiye aliyekiosha. Aliuma midomo, akatazama mkono ule wa kushoto mpaka giza lilipoingia. Mara moja aliona mama akijipapasa paji la uso. Mara nyingine alisimama kutoka kigogoni, akabaki amesimama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Je, huko ndiko kuyumba? Mke wake hakumpa kipimo. Na kama ni kuyumba, aseme nini, na kwa nani, na mtandao uko juu barabarani? Alilala na viatu miguuni.

Kulipopambazuka alitoka hemani na shingo iliyokakamaa. Jiko la kopo lilikuwa baridi. Hilo halikuwa kawaida, maana mama alikuwa ameapa kwamba chai ya asubuhi itamkuta mkwewe bado amelala, akasema pia kwamba mtu anayelala mpaka jua liwe juu huliwa na siafu.

Alikwenda hadi hatua chache kutoka hema la vifungo. Akakohoa.

"Hodi, Mama."

Ndege tu ndio waliojibu.

"Hodi. Mama, umeamkaje?"

Alisimama pale kama nguzo, mikono nyuma. Mwanamume anafunguaje hema la mama mkwe wake? Akimkuta hajavaa kitambaa? Akimkuta amelala tu, mdomo wazi, watatazamana vipi maisha yao yaliyobaki? Alikohoa tena, kwa nguvu. Akazunguka hema upande wa pili, akakohoa na huko. Mambo haya yalichukua muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri hadi leo. Kisha wazo likamchoma: kama amelala na haamki? Aliinama kufungua, na ndipo alipoona kwamba vifungo vyote vilikuwa vimefungwa kwa nje.

Mama alikuwa ametoka zamani. Dumu la maji halikuwepo.

Kulikuwa na njia mbili. Moja ilipanda kwenye gari, kwenye mtandao, kwa mke wake. Ya pili ilishuka kijitoni. Aliipanda ile ya kwanza hatua kadhaa, kwa sababu kumwogopa mke wake alikuwa amekuzoea zaidi. Kisha akageuka, akashuka mbio, matawi yakimchapa usoni.

"Mama! Mama ee!"

Alilikuta dumu kwanza, limelala ubavu katikati ya njia, maji yakitoka kidogokidogo. Halikuwa limejaa hata nusu. Karibu nalo, udongo wa ukingo ulikuwa umemeguka. Aliita tena, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mtu alikuwa akigonga jiwe kwa jiwe, chini, kwenye korongo.

Mama Turubai alikuwa ameketi kwenye matope, mgongo kwenye mzizi, mguu mmoja umekunjika vibaya. Kitambaa kilikuwa kimemtoka, na nywele zake nyeupe zilikuwa wazi. Kinyozi, katika hofu yake yote, bado aligeuza macho pembeni.

"Nitazame wewe!" mama alisema. "Kwa nini unatazama miti? Miti haijaanguka."

"Mama, umeumia wapi?"

"Kifundo cha mguu. Na kichwa kinazunguka. Dunia yote inazunguka, na mimi ndiye niliyekaa." Ulimi wake ulikuwa mzito kidogo. Uso ulikuwa na rangi ya jivu.

Kinyozi alichuchumaa. "Mama, dawa za presha umemeza?"

Mama alitazama matope.

"Mama."

"Nimeziacha tangu Jumatano."

"Kwa nini?"

"Zinanipeleka haja ndogo kila mara!" alifoka, na machozi yakamtoka pamoja na hasira. "Usiku mzima kutoka na kuingia. Na wewe uko pale, mkwe wangu, unasikia kila kitu. Ningekutazama vipi asubuhi? Nikasema siku chache tu hazitaniua."

Kinyozi alikaa chini matopeni, hakujua amekaa. "Na mimi, Mama," alisema, "nilikuwa mlangoni pa hema lako wakati wote huu, napiga hodi. Niliogopa kufungua."

Walitazamana. Mama alianza kucheka, kicheko kikavu cha maumivu, kikaishia njiani. Alifumba macho. Alipofumba, kinyozi aliona kitu ambacho kingemrudia kwa miezi mingi: alivyo mdogo. Mwanamke huyu aliyejaza mlango kila alipoingia, angeweza kukaa ndani ya kiti cha mtoto.

"Samahani, Mama, nitakubeba."

"Nibebe. Ila usinisalimie kwanza."

Alimweka mgongoni. Hakuwa mzito, lakini njia ilikuwa ya kupanda, na mikono ya kinyozi haikuwahi kubeba kitu kizito kuliko mkasi. Pumzi ya mama ilimpiga shingoni, fupifupi. Ilipokawia, alisimama. "Mama?" "Nipo." Hatua kadhaa tena. "Mama?" "Nipo, jamani. Ukiniuliza tena nitakufa makusudi." Walipopita uwandani alinyoosha mkono kuelekea hema, akasema turubai lake litaliwa na mchwa. Kinyozi hakusimama. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kumkatalia tangu amjue.

Zahanati ilikuwa karibu na njia panda. Daktari alimpima, akapima tena, akatoa macho. Presha ilikuwa juu mno. Kifundo kilikuwa kimeteguka, hakikuvunjika. "Mngechelewa hadi jioni," daktari alisema, kisha hakumalizia, na kutomalizia kwake kulikuwa kubaya kuliko maneno. Alimpa dawa, akamlaza.

Simu ya kinyozi ikaanza kulia hapohapo, mke wake akipiga. Mama alimtazama kutoka kitandani, akatikisa kichwa polepole. Sema niliteleza, macho yake yalisema.

Kinyozi alipokea. Akasema yote. Kikombe, mkono, dawa zilizoachwa na sababu ya kuachwa. Alisema pia kuhusu hodi. Alipogeuka, mama alikuwa amegeukia ukutani.

Mke wake alifika kutoka vipindi vya ziada vya Jumamosi, chaki bado kwenye vidole. Alilia kwanza, akagomba baadaye. "Mficha maradhi," alianza.

"Kifo humuumbua, najua," mama yake alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Kinyozi alirudi mwenyewe msituni kuchukua mizigo. Hema likafungiwa stoo, ufunguo ukaingia kwenye mkoba wa mwalimu. Mama Turubai akarudi kitini kando ya dirisha, mguu juu ya mto. Hakubisha. Hakuomba. Alimeza dawa zake kwa wakati, akasema asante kwa kila kikombe. Na hilo ndilo lililomnyima kinyozi usingizi. Wiki ya tatu mguu ulipona, lakini mama hakusimama. Uji ukaanza kuletwa. Sauti ile ya polepole ikarudi.

Jioni moja kinyozi alimfuata mke wake uani, alipokuwa akianua nguo.

"Nilimwona Mama korongoni," alisema. "Niliogopa sana. Lakini pale dirishani naogopa zaidi."

"Wewe unaogopa kila kitu."

"Ndiyo maana nisikilize. Nina uzoefu."

Mke wake hakucheka. Alikunja shuka, akalikunja tena, likawa dogo mno. "Akifa huko?" aliuliza, na sauti haikuwa ya mwalimu tena.

"Sijui," kinyozi alisema. "Sijui, mama watoto."

Wiki ikapita. Kisha siku moja mwalimu aliweka ufunguo wa stoo mapajani pa mama yake. "Mimi nakuja pia," alisema. "Na mashine ya presha inakuja."

Walikwenda watatu, shule zilipofungwa. Kinyozi alichimba choo mwenyewe, karibu na hema la mama, akakizungushia kipande cha turubai. Mahema yalipigwa yakigusana kamba. Mama alipotaka kutoka, alitangaza kwa sauti, "Nakwenda haja ndogo, msinitafute!" Mara ya kwanza kinyozi alitamani ardhi immeze. Mara ya tano alijibu tu, "Haya, Mama," bila kuinua kichwa.

Binti alipima presha asubuhi, akapima mchana, akaja tena na mashine kabla chai haijapoa. Mama akamtazama kwa jicho moja. "Kachemshe maji," alisema, "uache kunichemsha mimi."

Kisha alichukua shoka, akakanyaga gogo kwa mguu uliokuwa umeteguka, akanyanyua shoka. Mikono iliyumba kidogo juu. Kinyozi alijikuta amesimama nusu, na upande wa pili wa moto mke wake naye alikuwa amesimama nusu, sufuria mkononi. Walitazamana juu ya moshi. Polepole, kwa shida, wote wawili wakakaa.

Shoka likashuka. Gogo likapasuka. Mama Turubai akavuta pumzi, akanyanyua shoka tena.