Mtu wa Julai

Naanza kwa kusema sijutii. Wapo watu mjini kwetu, na wengine nasali nao kanisa moja, wanaodhani kufikia sasa ningekuwa nimeomba radhi. Watasubiri sana.

Jina langu ni Arlys Tveit. Nilipika katika shule ya mji huu miaka thelathini na moja, na tangu mume wangu afariki nawapa chumba cha juu wachezaji wa timu yetu ya besiboli kila kiangazi. Ndivyo timu ndogo za Minnesota zinavyoishi: mchezaji analala kwa mwenyeji, anakula kwa mwenyeji, na mwenyeji anakaa jukwaani akishangilia hadi sauti inakauka. Nimewalaza vijana wengi, wengine hata majina nimeyasahau. Eusebio Pimentel alikuja mara moja akawa anarudi kila mwaka, na huu ulikuwa mwaka wake wa tano.

Eusebio ni mpigaji. Kwao ni Baní, Jamhuri ya Dominika, ambako baridi wanaisikia redioni tu. Alikuwa na miaka thelathini na sita, umri ambao katika kazi yake unaitwa mzee bila utani. Tena alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana na kila mtu: mwezi wa Mei hagongi kitu. Msimu wetu unaanza ziwa likiwa halijamaliza kuyeyuka. Gongo la mti likikutana na mpira katika baridi ile, viganja vinawaka kana kwamba umeshika mzinga wa nyuki. Basi Eusebio anachelewa, mpira unampita, anarudi benchi akipuliza vidole. Juni anaamka. Julai usimguse. Agosti miguu inachoka na anashuka kidogo, kama wengine wote.

Haya siyasemi kwa mapenzi matupu. Nilikuwa naandika kwenye kalenda ya jikoni, kila siku ya mechi, ameingia kupiga mara ngapi na amegonga safi mara ngapi. Kalenda nne za miaka minne, na zote zilisema kitu kimoja.

Mwaka huu tulipata kocha mpya, Dale Krohn, kijana wa miaka thelathini na tatu anayetembea na kompyuta kwapani kutwa nzima. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Kwenye chakula cha kufungua msimu, katika ukumbi wa kanisa, alisimama akasema yeye hamwachi mchezaji kwa simu wala kwa barua. "Nikimwondoa mtu, nitamwambia uso kwa uso," alisema. Watu wakampigia makofi, na mimi nikiwemo.

Ilipofika wiki ya tatu ya Mei, Eusebio alikuwa ameingia kupiga mara arobaini na moja na kugonga safi mara nne. Mpigaji wa maana angekuwa na kumi na mbili hivi. Vibaya, sikatai. Jumanne baada ya mechi msaidizi wa kocha akamwambia, "Kocha anakuhitaji ofisini." Hakuna mchezaji asiyejua maana ya maneno hayo. Wenzake wote wakainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Eusebio hakwenda ofisini. Alitokea mlango wa nyuma wa kibanda cha bisi, ambako muuzaji ni mimi.

"Mama, gari liko wapi?"

"Kuna nini?"

"Krohn ananitafuta."

Sikuuliza la pili. Nilivua aproni nikaziacha bisi ziungue.

Njiani tukapanga. Utabiri ulisema joto lingeingia Jumamosi, joto la kuvaa fulana. Hadi Jumamosi hapakuwa na mechi. Kama Krohn alikuwa ameapa uso kwa uso, basi asiuone huo uso siku tatu tu. Jumamosi Eusebio angeingia uwanjani na mikono yenye damu ndani yake, angegonga, na kocha angeona kile alichotaka kukitupa.

"Haya ni mambo ya kitoto, mama," Eusebio akasema.

"Wewe una mpango wa kiutu uzima?"

Akainama kitini ili asionekane.

Jumatano simu ililia mara sita. Mara ya sita nikapokea.

"Amelala," nikasema.

"Saa nane mchana?" Krohn akauliza.

"Ana usingizi mzito."

Alhamisi alikuja mwenyewe, katika mvua ya barafu ile nyembamba inayoingia hadi kwenye shingo. Nilifungua mlango nusu, nikaujaza kwa mwili wangu, na mwili wangu unatosha.

"Mama Tveit, najua yumo ndani."

"Kama unajua, mbona unauliza?"

"Nataka dakika mbili tu."

"Hebu subiri hapo." Nikaenda jikoni, nikazileta kalenda nne, nikamshikisha. "Soma. Mei, mbovu. Mei, mbovu. Mei, mbovu kuliko zote. Sasa funua Julai."

Akafunua. Nimshukuru, alisoma kweli, kila ukurasa, maji yakimtiririka puani.

"Zinaniambia alivyokuwa," akasema. "Hizi hazijui kwamba mwaka huu ana miaka thelathini na sita. Iko Mei ambayo mtu hatoki, mama. Itakuja tu. Mimi siwezi kukaa nikisubiri kujua kama ndiyo hii."

"Kijana, nimepika viazi vya watoto mia tatu kila siku. Kiazi kigumu dakika ya kumi hakijaoza. Hakijaiva."

"Na kikiwa kigumu saa nzima?"

Nikamfungia mlango. Sipendi mtu mwenye hoja nzuri asimame kizingitini kwangu.

Hakuondoka. Aliingia kwenye gari lake, akaliegesha mbele ya nyumba, akakaa humo. Alizima injini. Saa moja ikapita, ikapita ya pili. Mimi nilikuwa nimevuta kiti hadi dirishani, tayari kukaa hapo mpaka Jumamosi. Eusebio alishuka ngazi akasimama nyuma yangu.

"Ana koti jembamba," akasema.

"Hilo ni shauri lake."

"Mama, kuna mtu amekaa kwenye baridi mlangoni petu, na kahawa ipo."

"Eusebio. Ukitoka hapo, umekwisha. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Siku mbili tu, mwanangu."

"Mama yangu akisikia nilimwacha mgeni nje kwa saa mbili, Baní sitarudi."

Akamimina vikombe viwili, akatia sukari kwa kipimo cha kwao, akatoka bila kofia. Nilimwona akiingia upande wa abiria. Niliona mdomo wa Krohn ukicheza, kisha ukaacha. Nilikasirika mpaka nikalia, na sijui nilimkasirikia nani zaidi, yule aliyekuwa anafukuza au huyu aliyemfungulia njia.

Aliporudi vikombe vilikuwa vitupu.

"Alianza maneno mara tatu," akasema. "Ameniambia hajawahi kumwacha mtu. Mimi ndiye wa kwanza."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia kwangu ni mara ya sita, asiogope."

Jumamosi joto likaingia kama lilivyoahidiwa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kulaza wachezaji sikwenda kwenye mechi. Nilichukua ndoo ya mipira kuukuu, nikampeleka Eusebio kwenye uwanja wa shule, nikapiga goti pembeni yake na kumrushia taratibu, mmoja mmoja. Ishirini ya kwanza ilikwenda ovyo. Halafu mlio ukabadilika. Aliyewahi kuusikia mlio huo anajua: mpira haulii kwa kupigwa, unalia kwa kuondoka. Tuliipoteza mipira tisa kwenye shamba la soya la jirani, na goti langu lilivimba kwa wiki nzima.

Jumapili baada ya ibada akanijia Bev Lindqvist, mkuu wa kamati ya wenyeji.

"Arlys, kuna kijana mpya anakuja kesho. Tunahitaji kile chumba chako."

"Chumba kina mtu."

"Eusebio si mchezaji wetu tena."

"Nyumba ni ya kamati au ni yangu?"

Wiki iliyofuata mchezaji mmoja wa timu ya Dunmore, mahasimu wetu wa ng'ambo ya mto, alivunjika kifundo cha mguu. Wakamwita Eusebio. Dunmore ni mwendo wa dakika arobaini, na wenyeji wa huko walikuwa tayari kumpa kitanda. Aliniuliza kama ahame. Nikamwambia akihama atafua shuka zake mwenyewe. Akabaki. Basi mji mzima ukajua kwamba kwenye kamba yangu ya nguo inaanikwa jezi ya Dunmore. Kamati ikanipumzisha kibanda cha bisi. Dukani bwana mmoja aliniuliza mbele za watu, "Arlys, siku hizi unafuga adui?" Nikamjibu kwamba adui anatandika kitanda chake kila asubuhi, na mwanawe je?

Juni Eusebio akaamka. Julai ilipofika hapakuwa na mrushaji katika ligi nzima aliyelala vizuri kabla ya kukutana naye. Wala sikushangaa, wala sikunyamaza. Niliwasomea kalenda watu wa kanisani ambao hawakuniuliza.

Kisha Dunmore wakaja kucheza kwetu. Nilikaa mahali pangu pa siku zote, nyuma ya benchi letu, na kofia yetu kichwani. Mimi sikuihama timu yangu. Ilikuwa jioni ya joto, mbu na harufu ya soseji, jukwaa limejaa. Tukafika kipindi cha mwisho tukiwa mbele kwa pointi moja. Dunmore walikuwa na watu wawili wanaongoja kukimbia, mmoja kituo cha pili na mwingine cha tatu, kituo cha kwanza kikiwa wazi, na wamebakiza nafasi moja tu: mpigaji akitolewa, mchezo umekwisha; akigonga safi, wametushinda. Akaingia Eusebio. Akachezesha gongo mara mbili, akatulia.

Krohn akatoka kwenye benchi letu. Akamtazama mwamuzi, akainua vidole vinne.

Kwetu hata mtoto mchanga anaijua ishara hiyo. Maana yake ni kwamba hatumrushii huyu. Mpeni kituo cha kwanza bure, tutapambana na anayefuata. Hivyo hufanyiwa mtu anayeogopwa.

Nikasimama. Goti likalia, nikasimama hivyo hivyo.

"Dale Krohn," nikaita kwa sauti niliyoitumia jikoni kwa watoto mia tatu. "Mei ulisema hawezi kugonga. Mrushie basi."

 Mtu mmoja akacheka, halafu safu nzima. Krohn hakugeuka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu hadi nyuma, na vidole vinne bado viko juu. Eusebio akaliweka gongo chini polepole, akavua kofia ngumu, akatembea kwenda kituo cha kwanza kama mtu anayetoka ibadani, na kila aliyekuwa pale akamwangalia hadi alipofika.

Mpigaji aliyefuata alikata hewa mara tatu na mchezo ukaisha. Krohn alikuwa amefanya sawasawa kabisa; mimi ningekuwa kocha ningefanya vivyo hivyo. Watu wetu wakaruka na kukumbatiana. Bev Lindqvist akageuka, akaniona nimekaa na mikono yangu mapajani.

"Tumeshinda, Arlys. Hata leo hutaki kufurahi?"

"Nimefurahi," nikamwambia. "Mimi nimeshinda kabla yenu."