Alama ya Ungo

Siku ya kura za maoni za chama, Enifa alishinda akitazama kisogo cha mdogo wake. Kwao Chimphepo kura hizo hazina sanduku wala karatasi. Wagombea hupangwa uwanjani wakiuelekea ukuta wa shule, na kila mjumbe huenda kusimama nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, shemeji na jirani wakimwona. Enifa alikuwa wa kwanza kusimama nyuma ya Zione, maana dada mtu angesimama wapi kwingine? Nywele za Zione alizisuka yeye mwenyewe alfajiri ile, akivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Sasa alikuwa na saa nzima ya kuzitazama.

Alipogeuka aliona mstari umepita kisima cha pampu, umepita vyoo vya wasichana, umeingia kwenye shamba la tumbaku la Mzee Jere. Mstari wa mbunge, Bwana Kadzombe, haukufika hata kwenye mlingoti wa bendera. Watu walicheka na kuitana waje upande huu, na kila aliyekuja alimchoma Enifa kama mwiba. Miaka ishirini alikuwa ameongoza ngoma ya akina mama wa chama. Koo lake ndilo lililowapeleka bungeni wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka akasema, na huyu mama je, mbona hatumsimamishi? Zione, muuguzi wa hospitali ya wilaya, kaingia chamani juzijuzi tu, kazalisha wake za watu miaka minane, basi dunia nzima imejipanga nyuma yake.

Wasimamizi kutoka makao makuu walihesabu, wakanong'onezana, wakaingia ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na Kadzombe, wakatoka na kutangaza kwamba Kadzombe ameshinda. Uwanja mzima ulizomea. Akina mama wakajitupa chini kwa kilio. Enifa naye alijitupa chini, akalia kuwashinda wote, na katikati ya kilio hicho roho yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyekunywa togwa baridi. Aibu ilimjia, lakini ilimjia imechelewa.

Raha yenyewe haikumaliza siku mbili. Mjomba Lozani, ambaye ndiye mwenye neno juu ya watoto wote wa dada zake, aliita kikao barazani kwake.

"Watu walijipanga, na macho tunayo," alisema. "Kadzombe na abaki na chama chake. Zione atasimama mgombea binafsi."

"Bila chama, mjomba, nani atanipigia ngoma?" Zione aliuliza.

"Huyu dada yako ana kazi gani?" Mjomba alimgeukia Enifa. "Wewe, mwanangu, utaimba. Na chakula cha wageni utakiangalia."

"Nitaimba, mjomba," Enifa alisema. "Bunge ni la Zione, sufuria ndiyo jimbo langu."

Baraza zima likacheka, kila mtu akidhani ni utani.

Mgombea binafsi hana alama ya kurithi. Lazima atafute yake, ichapwe kwenye karatasi ya kura kando ya picha yake, ili hata asiyejua kusoma asipotee. Zione alitaka taa. Walipofika bomani, karani wa uchaguzi akamwambia taa imechukuliwa asubuhi hiyohiyo, na jembe, na baiskeli pia, arudi na kitu kingine kabla ya saa tisa. Dada hao wawili wakaenda kukaa kwenye benchi la mkaanga chipsi, wakala kwa vidole kutoka karatasi moja.

"Dada, wewe unawajua watu wetu kuliko mimi," Zione alisema. "Nipe kitu."

"Ungo," Enifa alisema.

Baadaye alijiambia kwamba neno lilimponyoka. Halikumponyoka. Alilipika toka pale karani alipotaja saa tisa. Mtoto wa miaka mitano kule Chimphepo anajua wachawi husafiri juu ya nini, na Enifa hakuwa mtoto wa miaka mitano.

Zione aliacha kutafuna. "Ungo, dada? Watu watasema."

"Watasema nini? Nyumba gani haina ungo? Mwanamke gani hakuushika leo asubuhi? Ungo unatenga mchele na pumba. Na Kadzombe ni nini kama si pumba?"

Zione alimtazama dada yake, akatazama chipsi, akamtazama tena. Kisha akajifuta mafuta vidoleni. "Haya. Iwe ungo." Akaijaza ile fomu kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya bweni, na Enifa akauonea kijicho hata mwandiko.

Mwezi wa kwanza wa kampeni ilionekana mtego umenasa hewa. Akina mama walijitokeza na nyungo zao, wakizipiga kwa viganja mpaka vumbi la pumba likatimka uwanjani. Enifa akatunga wimbo, pepeta mama pepeta, pumba ziende na upepo, na ulikuwa wimbo bora kuliko zote alizowahi kutunga. Hilo nalo lilimuuma. Wimbo kama ule umekuja uzeeni, halafu unambeba mtu mwingine.

Ndipo watu wa Kadzombe walipozinduka. Siku ya soko la Mpalasa, kijana mmoja mwenye kipaza sauti alisimama juu ya kreti za soda akauliza, "Jamani, ndege ya Zione inaruka saa ngapi? Maana naona haina taa." Soko likaangua kicheko. Enifa alikuwa akinunua chumvi. Alijifunika kitenge mdomoni, akacheka hadi machozi yakamtoka, kwa sababu hiki ndicho alichokisubiri.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku ya soko iliyofuata kijana alikuwa palepale, na safari hii hakutania sana.

"Zione ni abiria tu," alisema. "Binti wa watu, muuguzi, mlokole, atarusha nini yule? Muulizeni rubani. Muulizeni dada yake. Mume wake alikufa na nini? Watoto wake wako wapi? Na karanga zake mbona zinazaa hata mvua ikikataa?"

Enifa alisimama na dagaa mkononi, na watu waliokuwa karibu naye wakasogea. Hawakukimbia. Walisogea tu, kila mtu hatua moja, kama wanaopisha baiskeli.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Jirani aliyeazima chungu alikirudisha na kukiacha nje ya uzio bila hodi. Togwa aliyoipika kwa ajili ya mkutano ilibaki imejaa ndooni, akina mama wote wakidai wameshiba, nao walikuwa wametembea toka asubuhi. Kisha ikawa wimbo. Enifa aliuanzisha kwenye mkutano wa Kalolo kama kawaida, pepeta mama pepeta, akanyamaza kuwapa nafasi, na hakuna aliyeitikia. Alianza tena, peke yake, mpaka sauti ikamkauka. Mwaka juzi, ng'ambo ya kilima, bibi mmoja alichomewa nyumba kwa maneno machache kuliko haya, na waliochoma walikuwa wajukuu wa jirani zake. Enifa aliporudi nyumbani alilitazama paa lake la nyasi, akajaza maji ndoo zote.

Mjomba Lozani alikuja na wanakamati watatu wa kampeni. Hawakuketi.

"Mwanangu, kaa nyumbani mpaka kura zipite," alisema. "Unatuponza."

"Kama dada haendi, mimi siendi," Zione alisema nyuma yao. Hakupaza sauti. Alikuwa akifunga viatu vyake.

Mtu mwingine angeshukuru. Enifa aliwaza kwamba hata wema, mama yao alimgawia huyu fungu kubwa zaidi.

Mkutano wa mwisho ulifanyika Mpalasa, uwanja wa mpira. Zione alipanda juu ya lori, akashika kipaza sauti, akaenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

"Ungo nilichagua mimi," alisema. "Dada yangu alinikataza, nikakataa kusikia. Mwenye la kusema juu ya ungo aniambie mimi, amwache dada yangu."

Minong'ono ikapita uwanjani. Waliokuwa nyuma kabisa walianza kuokota watoto na viatu vyao, wakaondoka wawiliwawili, wakiupa mgongo ule uso mzuri wa Zione. Enifa aliwaona kutoka pale chini alipokaa, kando ya gurudumu. Hilo ndilo alilolitaka toka siku ya chipsi, limemjia kwa miguu yake lenyewe. Alingoja ile raha ya togwa baridi, haikuja. Kilichokuja ni hasira. Hata dhambi yake, mtu huyu ameichukua, ameivaa, na imempendeza.

Akapanda lori. Hakuna aliyempa mkono, akapanda hivyohivyo, kitenge kikinasa kwenye misumari. Akachukua kipaza sauti.

"Mwongo huyu," alisema. "Sikumkataza kitu. Ungo nilimpa mimi, tukila chipsi, na nilijua mtasema nini. Nilitaka mumcheke. Nilitaka aanguke."

Waliokuwa wakiondoka wakasimama.

"Namwonea wivu. Mnataka kujua narusha nini usiku? Sirushi kitu, nalala macho nikimwonea wivu. Nimewaimbia miaka ishirini, koo hili mnalijua, na hamkunipangia mstari hata siku moja. Yeye mkampangia mpaka ndani ya tumbaku ya Mzee Jere. Iliniuma. Inaniuma sasa hivi nikisimama hapa. Zile nywele nazisuka mimi, na nikizitazama zinaniuma."

Mjomba Lozani alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa.

Mbele kabisa, juu ya mkeka, alikaa Bibi Nasiwelo, ambaye amezika waume wawili na wake wenza watatu, na haogopi mtu. Alicheka kwanza, kicheko cha mapengo.

"Mchawi gani huyu," alisema, "anamwaga wivu wake mchana, tena kwenye spika? Mimi wachawi nimeishi nao. Mchawi hunyamaza. Hukuchekea, hukuletea mboga, hukuuliza mtoto anaendeleaje. Huyu ana wivu tu, kama mimi na mke mwenzangu. Mnaomkimbia, ninyi hamna dada?"

Mtu akacheka huku, mwingine kule. Mwanamke mmoja akamsukuma mdogo wake begani, akamwambia, "Unasikia?" na huyo mdogo akajibu, "Nimekuwa nikikungoja useme." Waliookota watoto wakaanza kuwaweka chini.

"Imba basi," Bibi Nasiwelo alisema. "Tumekalia mawe toka asubuhi."

Enifa aliimba. Alikuwa analia na sauti haikuwa nzuri, lakini aliponyamaza kuwapa nafasi, waliitikia.

Siku ya kura yenyewe hakukuwa na kisogo cha kutazama. Kulikuwa na kibanda cha maboksi chenye meza, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Humo ndani hamna shemeji wala jirani. Zione alimtazama kutoka kwenye karatasi, akitabasamu, na kando yake ungo, mdogo, umechorwa vizuri. Wivu ukampanda Enifa mbichi kabisa, kana kwamba hajawahi kuutamka. Alama moja tu kwa Kadzombe, na hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Kalamu ilikaa juu ya jina la Kadzombe muda mrefu hata msimamizi akakohoa mara mbili. Mchawi hunyamaza, Enifa akakumbuka. Akaisogeza kalamu, akaweka alama kwenye ungo, akikandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Zione alishinda, tena kwa mbali. Siku ya matokeo, kabla ya saa sita mchana, chama kilekile kilichomnyima haki yake kilikuwa kimempigia simu mara nne, kikimwita mwanetu.

Asubuhi ya kwenda Lilongwe kuapishwa, alikaa kizingitini kwa dada yake, kati ya magoti yake, asukwe.

"Unavuta, dada."

"Navuta ndiyo. Haujaisha, Zione. Nilidhani nikishausema mbele za watu utaisha."

"Haujaisha kabisa?"

"Hata nusu haujafika. Utakaa kwenye viti vile vya ngozi, mimi nitabaki na sufuria."

"Siku ile ya chipsi niliona macho yako," Zione alisema. "Nikajiambia nimeona vibaya. Niliogopa kukuuliza."

Mikono ya Enifa ilisimama kichwani mwa mdogo wake.

"Basi usiniache nibahatishe tena," Zione alisema. "Kila Jumapili nitakupigia simu, na wewe utaniambia wivu umefika wapi. Unitukane ukitaka. Siku utakayoniambia umeisha, kwamba sasa unanifurahia tu, siku hiyo nitalala nimefunga mlango."

Nje, gari lilipiga honi, na watoto wakalikimbilia. Enifa alishika nywele za msuko wa mwisho, akazigawa mara tatu, akavuta.

"Jumapili hii piga mapema," alisema. "Nitakuwa na mengi."