Baada ya Kusikilizwa

Bi Mwanakheri alikuwa na siku arobaini ndani ya eda pale idara ya nyumba ilipomwita akajieleze. Barua ilipitishwa chini ya mlango wa fleti yao, ghorofa ya nne, Michenzani. Ilisema mkataba ulikuwa wa marehemu mumewe, Mzee Talib, na umekwisha naye. Mjane afike ofisini Jumatatu aeleze kwa nini asitolewe. Akaiweka juu ya kabati. Mtu wa eda hatoki, na nani Unguja nzima asiyelijua hilo? Hata Bwana Ahmada aliyeitia saini alikuja kwenye hitma, akala pilau. Jumatatu ikapita. Alhamisi ikaja barua ya kumtoa.

Wakili wake, binti mmoja aitwaye Khawla, akaenda Mahakama Kuu. Ikawa miaka mitatu ya njoo kesho. Kila kesi ikiahirishwa, Bi Mwanakheri anazipanda ngazi zile zile, goti linamuuma, anaketi kati ya maboksi aliyoyafunga siku ya barua na hajathubutu kuyafungua. Mahakama ilizuia asitolewe mpaka hukumu, lakini nani hupaka rangi nyumba ya zuio?

Mwisho akashinda. Jaji alisema mjane hakupewa nafasi ya kweli ya kusikilizwa, akaufuta uamuzi. Bi Mwanakheri alilia kwa furaha pale pale kwenye benchi, mpaka Khawla alipomweleza yaliyobaki: mahakama haigawi nyumba, huangalia tu kama sheria imefuatwa. Shauri linarudi idarani.

"Kwa nani?"

"Kwa Bwana Ahmada."

Akaenda. Ahmada alimwamkia kwa adabu, akamvutia kiti, akaandika kila neno: miaka thelathini na moja aliyoishi pale, watoto aliowazaa, na kwamba hana pa kwenda. Hakumkatiza hata mara moja.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Maneno yalikuwa yale yale ya barua ya kumtoa ya mwanzo, ila juu umeongezwa mstari mmoja: baada ya kukusikiliza. Khawla aliisoma mara mbili akitafuta pa kushika, asipaone.

"Kwa hivyo safari hii wamenitoa kwa sheria," alisema Bi Mwanakheri.

"Ndiyo, bi."

"Haya, mwanangu. Nshachoka."

Aliinuka taratibu, akishika ukuta. Walau maboksi hakuwa ameyafungua.