Ngazi ya Mkaguzi

Bila cheti cha kupanda nisingepaka tena ghorofa lolote kwa kamba, na cheti kilitolewa mahali pamoja tu: kwenye jabali la mita tisa, mwendo wa siku nne kwa miguu kaskazini mwa barabara ya mwisho.

Nimepaka maghorofa miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ni kushuka. Naenda juu kwa lifti, nafunga kamba paani, nakaa kwenye kibao, nashuka na ndoo na brashi mpaka chini. Kupanda kwa mikono sijawahi. Hakuna mpaka rangi aliyewahi, maana ukipanda utaifuta rangi mbichi kwa tumbo lako.

Sheria ilikuwa mpya. Karani wa ofisi ya vyeti alinisomea akiwa amesimama, kwa sababu chumba kilikuwa na meza mbili na kiti kimoja, na kiti alinipa mimi.

"Kwa nini huko, binti?"

"Ndiyo njia pekee iliyo kwenye orodha, mzee."

"Nani aliiweka?"

"Aliyetunga orodha. Alienda huko likizo akiwa kijana. Alipapenda."

Kulikuwa na jengo la ghorofa kumi na nne linanisubiri. Tajiri alishasema: ukija na cheti, utakaa kwenye kibao, ukija bila cheti, utakoroga rangi chini. Kwa umri wangu, anayewekwa chini harudi juu.

Ibara ya sita ilisema mkaguzi awe karibu na mikono ya mtahiniwa wakati wote, kwa hiyo mtahiniwa alete ngazi. Ibara ya saba ilisema mtahiniwa asiiguse.

Nikaenda kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa kupaua. Ana ngazi ya alumini ya vipande viwili.

"Ngoja nielewe," alisema. "Tubebe ngazi ya mita kumi siku nne, tuiegemeze kwenye jabali la mita tisa, halafu wewe upande pembeni yake?"

"Ndiyo."

"Na ngazi anapanda nani?"

"Mkaguzi."

"Dada yangu alikuwa na wachumba watatu," alisema, akaenda kutafuta kamba ya kufungia vipande.

Mkaguzi alitangulia na mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na fomu, kalamu tatu na muhuri. Sisi tulifuata na ngazi mabegani, mimi mbele, shemeji nyuma. Nyika ile haikuwa na mti unaonifika kiunoni. Mawe, kuvu za mawe, madimbwi yenye ganda la barafu asubuhi. Upepo ukivuma unakosa mbu lakini unakosa na masikio kwa baridi. Siku ya pili tulifika kwenye kijito, tukalaza ngazi, tukavuka juu yake. Mkaguzi akasimama ng'ambo, amekunja uso.

"Umeigusa," alisema.

"Nimeibeba tangu jana!"

Alifikiri nusu saa. Mwishowe akaamua kwamba mtihani ulikuwa haujaanza. Shemeji akaniambia huyu mtu si mbaya, ila aliumbwa kwa rula.

Jabali lilikuwa limesimama peke yake kama jino la mzee. Njia ilikuwa na boliti tisa zilizopigwa kwenye jiwe. Unapanda, unapachika kulabu kwenye boliti, unapitisha kamba, unaendelea. Ukianguka, aliye chini anakudaka kwa kamba. Aliye chini alikuwa shemeji. Kuta ninazozijua mimi zina madirisha. Ule wa jabali haukuwa na pa kuweka hata kikombe. Na viatu vyenyewe, sheria iliagiza viwe vidogo kuliko mguu.

Nikaanza. Mkaguzi naye akaanza kwenye ngazi, kidato kimoja juu yangu, fomu mkononi.

"Mtahiniwa aweke mkono wa kushoto."

"Nimeshauweka."

"Umeuweka kabla sijasema."

"Nilikuwa naanguka, Bwana Mkaguzi."

"Nitaandika: kwa hiari."

Kwenye boliti ya nne sheria iliruhusu kupumzika dakika kumi. Mimi nilining'inia. Yeye alikaa kwenye kidato akala biskuti, tukawa tumetazamana kama majirani wa dirisha kwa dirisha. Akaniuliza nina watoto wangapi. Wanne. Wanasoma? Wanasoma, mdogo wao ameshanipita, mimi niliishia darasa la tano. Akasema darasa la tano ni zuri kwa hesabu. Chini shemeji akapiga kelele kwamba kama tumeanza kuoana atuandalie chai.

Sita. Saba. Vidole vilikuwa vinawaka moto, kidole gumba cha mguu sikukisikia tena. Nikapachika kulabu ya nane. Ilibaki moja, na ile ya tisa niliiona vizuri, ilikuwa karibu kama taa ya chumbani kwangu.

Hapo kalamu ikamponyoka mkaguzi. Akaifuata kwa macho.

Nadhani mpaka dakika ile alikuwa hajatazama chini, alikuwa akitazama fomu tu. Alianza kutetemeka. Ngazi ikatetemeka naye, halafu ncha yake ya juu ikaanza kuteleza kwenye jiwe, kuelekea pembeni.

"Mtahiniwa," alisema. "Ngazi inatembea."

"Naiona."

"Fundi rangi. Inatembea."

"Shemeji!" niliita. "Shika ngazi!"

"Nikishika ngazi nakuachia wewe! Chagueni wenyewe huko!"

Mkaguzi akafumba macho. "Ndugu yangu," alisema. "Ishike wewe."

"Nikiishika utaandika nini?"

"Nitaandika umeishika."

"Huwezi kuandika kitu kingine?"

"Siwezi. Nimekula kiapo."

"Basi kaa na kiapo chako."

Sikuwa natania. Niliitazama boliti ya tisa, nikanyanyua mkono. Ngazi ikasogea tena, shubiri nzima. Mkaguzi aliikumbatia fomu kifuani isipeperuke. Mtu anaanguka na anachookoa ni karatasi ya kuniangusha mimi.

Nikaishika ngazi. Nikaivuta, nikaifunga kwa kulabu kwenye boliti ya nane, halafu ikabidi nimwelekeze kushuka kidato kwa kidato, maana macho hakufumbua: "Mguu wa kulia. Huo si wa kulia. Haya."

Alipofika chini, nikabaki nimening'inia pale juu.

"Nawe shuka kwa ngazi!" shemeji alisema.

"Hairuhusiwi."

"Umeshaigusa, shemeji. Maji ukiyavulia nguo, yaoge."

Nikashuka kwa ngazi. Mkaguzi alikuwa ametoa kalamu ya pili, anaandika huku machozi yanamtoka. Akagonga muhuri juu ya goti lake. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umeniokoa roho."

"Nimefaulu?"

"Hapana. Unaweza kurudia baada ya miezi kumi na miwili."

Shemeji alimtazama, akaitazama ngazi, akaniinamia sikioni. "Nimrudishe juu?"

Nikamwambia tufungashe.

Gharama yake ni hii. Siku nne za kwenda, moja ya jabali, tano za kurudi, kwa kuwa mkaguzi hakukubali tena kupita juu ya ngazi na ilibidi tukizunguke kijito. Kucha mbili za mguu wa kulia. Ngazi ilipinda kidato cha juu, shemeji amedai mpya na nimempa. Jengo la ghorofa kumi na nne walipewa vijana wawili wenye vyeti. Mimi nawakorogea rangi. Miezi kumi na miwili ya kukoroga, na leo nimemaliza wa tatu.