Nilipoulizwa Nimempata Wapi

Nimeandika barua mia mbili na kumi na sita kuhusu makaburi ya Nebo. Nakala zote ninazo, chini ya kitanda, ndani ya masanduku ya viatu. Nimemwandikia gavana, nimeyaandikia magazeti, nimeiandikia kampuni ya umeme iliyotuzamisha mwaka wa hamsini na tatu. Shule niliiacha darasa la saba. Sheria nilijisomea maktabani, na mawakili wao wanalijua jina la Hosea Tolliver na hawalipendi. Hii si barua. Hii ni habari ya jambo nililolifanya mimi, na kampuni haimo.

Nebo ilikuwa kijiji cha nyumba arobaini na kanisa moja juu ya kilima, makaburi kando yake. Kampuni iliahidi kuhamisha makaburi kabla ya kufunga bwawa. Ikahamisha mawe yenye majina. Waliolala chini yake ikawaacha palepale, maji yakapanda. Bibi yangu Arminta yumo. Nilikuwa na miaka minane tulipomzika. Tulifanya kama watu wetu walivyofanya siku zote: tukatandaza kokoto nyeupe za mtoni juu ya kaburi, na katikati tukaweka kikombe chake cha mwisho kunywea, cha buluu. Kokoto zile nilizibeba mimi, kofia baada ya kofia.

Besi, samaki anayevuliwa zaidi bwawani humo, huja maji ya kina kifupi kila machipuko kutaga. Hapendi matope. Anatafuta ardhi ngumu, anaifagia kwa mkia mpaka inakuwa nyeupe kama sahani. Na ghuba nzima ya Nebo ni matope matupu, isipokuwa pale tulipotandaza kokoto zetu. Kwa hiyo kila Aprili majike makubwa kuliko yote bwawani hulala juu ya watu wetu. Sisi tunajua, wengine hawajui. Tukipita pale tunazima injini, tunavua kofia, ndoana haishuki, na mgeni haambiwi. Nilipojinunulia boti, dada yangu Vernell aliniapisha upya jikoni kwake, mikono yake imejaa unga wa mahindi.

"Apa, Hosea."

"Dada, mimi ndiye ninayewapigania wale watu!"

"Najua. Ndiyo maana nakuapisha. Mdomo wako hauna kitasa."

Nikaapa.

Mashindano ya besi hufanyika Aprili hiyohiyo, na umati wa wilaya nzima huja kwenye mizani ya kupimia samaki. Miaka sita nilimwomba Dwight Hasty, mshika kipaza sauti, anipe dakika mbili tu niseme habari ya makaburi.

"Hosea, hapa ni samaki tu," alinijibu mwaka huu. "Anayezungumza ni mshindi."

"Basi nitashinda."

"Na boti ile? Labda tuanzishe mashindano ya kasa."

Wakacheka. Nikaingia majini na kicheko kile masikioni.

Kufika adhuhuri nilikuwa na besi wanne, wote wembamba kama soli za viatu. Nikapita Nebo. Nikazima injini, nikavua kofia, kama inavyopasa. Halafu nikatazama chini. Alikuwa pale, mnene, mgongo wa kijani, juu ya kokoto nyeupe. Nikajiambia: hili ni kwa ajili yao. Nikajiambia bibi mwenyewe angenipa. Mtu aliyejisomea sheria hakosi hoja.

Besi aliye kiotani hali. Chambo kikiangukia mayai yake hukiokota akitoe nje, kama mama anavyookota kiatu kilichoachwa mlangoni. Mara tano nilimdondoshea mjusi wangu wa plastiki. Mara ya tano akamwokota. Nikavuta. Kofia ilikuwa bado imewekwa gotini.

Pauni kumi na moja na robo. Dwight alimwinua, umati ukapiga miluzi, kisha akaniuliza swali ambalo kila mshindi huulizwa.

"Umempata wapi, Hosea?"

Bwawani kwetu swali hilo hujibiwa kwa uongo. Uongo ndio adabu yake; mtu husema "majini," watu hucheka, basi. Mimi nilikuwa nimesubiri kipaza sauti miaka arobaini na tisa.

"Nimempata kifuani kwa bibi yangu!" nikasema. "Ghuba ya Nebo, hatua sitini kutoka kwenye ncha ya nchi kavu yenye msonobari uliopigwa radi, maji ya kimo cha kifua. Pana makaburi themanini na tatu pale! Mlihamisha mawe mkaacha watu! Samaki wenu wanataga juu ya mifupa yetu!"

Niliona vichwa vikiinama, nikadhani ni aibu. Mtu mmoja mbele aliandika kitu kiganjani. Nikadhani anaandika idadi ya marehemu. Usiku ule nililala vizuri kama mtoto, na hilo nalo naona aibu kulisema.

Jumapili, baada ya ibada, Vernell alinipigia simu. "Njoo Nebo," akasema, akakata.

Niliwasili kwa boti. Boti thelathini na moja zilikuwa juu ya kilima chetu, injini zinanguruma, maji yamechafuka rangi ya chai ya maziwa. Hawakunitukana. Wangenitukana ningejua la kufanya. Walinipungia mikono.

"Mzee Tolliver! Asante, mzee! Palepale ulivyosema!"

"Ondokeni," nikasema. "Hapa ni makaburini."

"Tulikusikia jana," akajibu kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu, kwa upole kabisa. "Pole sana. Lakini si wewe mwenyewe umevua hapa?"

Dada yangu alikuwa amesimama kwenye ncha, chini ya ule msonobari, na kofia yake ya kanisani. Nikasogea karibu naye. Hakupaza sauti.

"Kampuni iliwaacha na maji juu yao, Hosea. Angalau maji yaliwafunika."

"Dada, nilitaka wajue..."

"Wamejua."

Nyuma yangu yule kijana alivuta, mshipi ukakazika, akaapiza. Hakuwa amepata samaki. Ndoana ilileta kipande cha udongo wa kuchoma, cha buluu, chenye mkono wa kushikia. Akakigeuzageuza juani, kisha akanionyesha.

"Mzee, nini hiki? Wewe ndiye mwenye kupajua hapa."

Miaka arobaini na tisa nilikuwa na jibu la kila swali kuhusu Nebo. Nilimwona ananisubiri, mkono umenyooshwa. Nilijua kwamba nikikitaja kikombe kile itanibidi niseme pia ni nani aliyemleta yeye na ndoana yake pale.

"Sijui," nikasema.

Akakitupa majini. Neno lisemwalo juu ya maji hufika mbali, na Vernell alikuwa hatua kumi tu.